Manukato ya Mwanamume ni ya Nani?

Kwenye meza za wauza manukato wa Mchikichini na mitaa ya Kariakoo inayopakana nayo, jijini Dar es Salaam, pafyumu huuzwa kwa kupima. Chupa kubwa za mafuta husimama kwa safu, kila moja imebandikwa plasta yenye jina lililoandikwa kwa kalamu: miski, udi, waridi, na mengine mengi yaliyoazimwa kutoka kwa watengenezaji wa Ufaransa na Dubai. Muuzaji huchukua bomba la sindano lililotolewa sindano, akavuta mililita tatu au sita, akazimimina katika kichupa chenye gololi mdomoni, akakikaza na kukifuta. Kabla ya hapo mteja amekwisha kupakwa tone nyuma ya kiganja. Hunusa mara moja, mara mbili, kisha aghalabu humnyooshea mkono mwenzake aliyefuatana naye, au muuzaji mwenyewe, amwambie inanukiaje. Anayetoa fedha yake anataka hukumu ya pua ya mtu mwingine. Katika kitendo hicho kidogo limo swali ambalo dini na falsafa zimelizungumza kwa karne nyingi: manukato ayavaayo mwanamume ni ya nani?

Jibu la haraka ni kwamba ni yake, kwa kuwa kayanunua na yako mwilini mwake. Lakini maumbile yanalipinga jibu hilo. Pua ya binadamu huizoea harufu isiyobadilika. Dakika chache baada ya kujipaka, mvaaji huacha kuisikia ingawa bado inamzunguka, na ndiyo maana wengi huongeza unyunyu kwa kudhani wa kwanza umekwisha. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliliona jambo hili akaligeuza lawama. Aliyahesabu manukato kuwa anasa isiyo na maana kuliko zote, kwa sababu mtu hutoa fedha nyingi kwa ajili ya starehe ya wengine, naye mwenyewe anayeyabeba hayasikii. Ushahidi wake naukubali, hukumu yake naikataa. Ikiwa mvaaji ndiye anayeyafaidi kidogo kuliko wote, basi kujitia manukato ni tendo linalomwelekea jirani, na kwa tabia yake liko karibu na salamu kuliko lilivyo karibu na pambo. Kwa hiyo halipimwi kwa bei wala kwa kumpendeza mwenyewe. Lipimwe kwa kumtazama jirani: anapewa nini, na analazimishwa nini.

Katika Uislamu, ambao ndio uliolea desturi nyingi za manukato za pwani yetu, mizizi ya fikra hii iko wazi. Abu Dawud, mkusanyaji wa hadithi, amepokea maelezo ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume Muhammad, kuhusu chanzo cha kuoga siku ya Ijumaa. Watu wa Madina wakati ule walikuwa na maisha ya taabu. Walivaa sufu na kubeba mizigo kwa migongo yao. Msikiti ulikuwa mdogo na paa lake lilikuwa chini. Siku moja ya joto kali Mtume alitoka akawakuta wametokwa na jasho ndani ya sufu zao, harufu ikipanda na kuwaudhi wao kwa wao. Ndipo akawaagiza waoge siku hiyo, na kila mmoja ajipake mafuta na manukato mazuri kadiri awezavyo kupata. Tuangalie sababu iliyotajwa. Hakuna neno la kujionyesha mbele ya watu, wala la kuvutia wanawake. Kuna paa la chini, joto, wachukuzi, na watu wanaoudhiana bila kukusudia. Hadithi nyingine, iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Salman al-Farisi, inayaweka manukato ya Ijumaa katika orodha moja na adabu ya kutojipenyeza kati ya watu wawili waliokwisha kukaa. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja kwa haki, kwa kuwa yote ni kumwachia mwenzako nafasi yake. Na anayeyajua mazingira ya Kariakoo saa saba mchana wa Ijumaa, wabeba mizigo wakiegesha mikokoteni kwenda kuswali pamoja na wenye maduka bega kwa bega, hahitaji kuelezwa kwa nini maelezo ya Ibn Abbas yanasomeka kama yameandikwa hapa.

Desturi za pwani zimeiendeleza fikra hiyo hadi kuifanya sehemu ya ukarimu. Kwenye maulidi na harusi za Unguja, Lamu, Mombasa na Dar es Salaam, manukato hutolewa na mwenyeji kumpa mgeni. Mrashi wa shaba au wa fedha hupitishwa, wageni wakanyunyiziwa marashi ya waridi viganjani. Chetezo hufuata, moshi wa udi au ubani ukaingia katika kanzu na koti. Mtu hufika na harufu yake na kuondoka na harufu ya nyumba aliyokaribishwa. Hata msikitini si ajabu kumkuta mzee mwenye kichupa mfukoni anayempaka kila aliye karibu naye mstari mmoja wa mafuta mkononi kabla ya swala, bila kumwuliza jina. Ndugu zetu wa Oman huchovya katika manukato kile kishada kinachoning'inia shingoni mwa dishdasha, mahali ambapo anayekusogelea kwa salamu ndiye atakayekutana nayo. Katika desturi zote hizi harufu inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mwanamume aliyejifungia na kioo, akijipulizia kwa ajili ya nafsi yake, ni picha ya matangazo ya biashara ya juzi juzi tu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye maiti. Muislamu anapooshwa mara ya mwisho, maji hutiwa kafuri, na manukato huwekwa mwilini na katika sanda. Injili ya Yohana inaeleza kwamba Nikodemo alileta mchanganyiko wa manemane na uudi, uzito wake yapata ratli mia, ili mwili wa Yesu uzikwe kwa heshima ya desturi ya Wayahudi. Maiti hanusi kitu. Hatafuti mchumba, hana cheo cha kuonyesha, hana mteja wa kumridhisha. Kama manukato yangekuwa ni majivuno au mtego, mtu huyu ndiye asingeyahitaji kabisa, na dini zingemnyima. Lakini zimempa, kwa sababu wanaobaki wana wajibu juu yake, na yeye bado ni mwanadamu ambaye wengine watamsogelea kumbeba na kumswalia. Atakayeyaita manukato upuuzi inambidi kwanza aeleze kwa nini watu waliofiwa, wakiwa katika hali ambayo upuuzi wote umewatoka, hawayaachi.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa Socrates. Katika kitabu cha Xenophon kinachosimulia karamu ya Athens, mwenyeji anapendekeza wageni waletewe manukato, Socrates anakataa. Hoja yake ni kwamba mtumwa na mtu huru wakijipaka manukato wote watanukia sawa papo hapo, ilhali harufu itokanayo na kazi na mazoezi ya mtu huru hupatikana kwa muda mrefu na bidii ya heshima. Kwa maneno mengine, manukato yanafuta ushahidi wa mtu alivyo. Pingamizi hili lina uzito wake Mchikichini, kwa sababu hapa harufu ya mtu kweli hueleza kazi yake. Mfungua balo za mitumba hubeba siku nzima harufu ile ya nguo zilizobanwa miezi kadhaa, yenye ukali wa dawa na vumbi la nyuzi. Muuza dagaa hubeba yake. Fundi pikipiki hubeba petroli na grisi. Kuna watu wenye huruma wanaosema kwamba jasho la mchukuzi ni heshima yake, na kumtaka alifunike ni kumwonea haya.

Nadhani Socrates amekosea mahali pawili. Kwanza, harufu tunayoiita ya jasho si ya kazi. Jasho linapotoka mwilini karibu halina harufu. Bakteria wa ngozini, hasa wa kwapani, ndio wanaolivunja na kutoa ile harufu kali. Karani aliyekaa kwenye kiti siku nzima bila kuoga hunuka kikwapa vilevile, na mchukuzi aliyepata maji na sabuni jioni hanuki. Kinachosomwa pale ni upatikanaji wa maji, wala si utukufu wa kazi. Pili, kile ambacho Socrates anakilalamikia, kwamba mtumwa na huru watanukia sawa, mimi nakiona ndiyo fadhila kubwa ya manukato. Mtu anayeuza mashati ya mitumba ana haki ya kukaa kwenye daladala au kwenye benchi la kanisa bila shughuli yake kutangazwa kabla hajafungua mdomo. Anayetaka harufu ya kazi ibaki mwilini mwa maskini kama cheti cha uaminifu, mara nyingi ni mtu ambaye kazi yake mwenyewe haina harufu. Kuhusu udanganyifu, upo, lakini uko kwenye chupa. Sanduku lenye jina la kampuni maarufu na ndani limejazwa mchanganyiko usiojulikana linamdhulumu mnunuzi, na huenda likamdhuru ngozi. Muuzaji wa kupima, anayesema waziwazi kwamba mafuta yake yanafanana na pafyumu fulani na kwa bei hii usitarajie ile yenyewe, ni mkweli zaidi.

Pingamizi la pili ni la maskini. Mariamu wa Bethania alipompaka Yesu miguu marhamu ya nardo, Yuda Iskariote aliuliza kwa nini isingeuzwa kwa dinari mia tatu wakapewa maskini. Mhubiri wa leo hulitupa swali hilo kwa urahisi kwa sababu tu aliyeliuliza alikuwa Yuda, na mwinjili mwenyewe anasema aliuliza kwa kuwa alikuwa mwizi. Lakini nabii Amosi hakuwa mwizi, naye aliwakemea matajiri wa Samaria waliojipaka mafuta yaliyo bora huku hawahuzuniki kwa kuanguka kwa taifa lao. Kemeo hilo linawahusu wenye kununua chupa moja kwa mshahara wa miezi mitatu ya mfanyakazi wao. Hata hivyo, makosa aliyoyaona Amosi ni kutojali, na mafuta ni ushahidi tu wa kosa. Kupima kwa bomba kunaonyesha upande wa pili: mtu mwenye kipato kidogo hupata mililita tatu zinazomtosha Ijumaa kadhaa au Jumapili kadhaa. Anayemwambia mtu huyo kwamba fedha yake ingetumika vizuri kwenye unga anajichukulia haki ya kuamua kwamba maskini ana tumbo pekee. Yesu mwenyewe, katika Injili ya Mathayo, aliwaagiza wanaofunga wajipake mafuta kichwani na kunawa uso. Hata mwenye njaa kwa hiari yake hakuruhusiwa kuwabebesha wengine sura na hali ya njaa yake.

Pingamizi la tatu ndilo linalonishughulisha kuliko mengine, kwa sababu linaishambulia hoja yangu kutokea ndani. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, aliandika mwaka 1790 kuhusu muziki unaowavamia majirani wasiouomba, akaufananisha na mtu atoaye mfukoni leso iliyotiwa manukato: kila aliye karibu hulazimika kushiriki, maana ili aikwepe harufu hiyo ingebidi aache kupumua. Mwaka 1798 akalirudia jambo hilo kwa ukali zaidi, akisema kunusa ni kama kuonja kwa mbali, ambako wengine hulazimishwa kushiriki starehe wapende wasipende, na kwa hiyo hisi hii inapingana na uhuru. Mimi nimesema manukato ni kama salamu. Kant angenijibu kwamba salamu mtu anaweza kutoiitikia, lakini harufu haiulizi. Chakula nikikikataa nakisukuma; rangi ya shati nikiichukia nageuza uso. Ni nani aliyempa mwanamume mwenye chupa ruhusa ya kuingia katika mapafu yangu?

Hakuna, na hapo Kant yuko sahihi. Lakini hoja yake inategemea kitu ambacho hakukitaja: kwamba kabla ya leso kutolewa mfukoni palikuwa na hewa tupu, isiyo ya mtu yeyote. Panda basi la mwendokasi pale Gerezani saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Februari, joto la nyuzi 30 na ushei lisilotaka kushuka, watu wamesimama kifua kwa mgongo na mikono yote imeshika vyuma vya juu. Hakuna hewa tupu mle. Kila mwili umekwisha kuingia katika mapafu ya mwingine bila ruhusa, na utaendelea kuingia ukijipaka usijipake. Mji uliobanana haukuachii nafasi ya kuchagua kati ya kumgusa jirani kwa harufu na kutomgusa. Unakuachia kuchagua umguse kwa nini, na kwa nguvu kiasi gani. Anayesema hataki kumlazimisha mtu harufu yake, kisha akapanda basi bila kuoga, amemlazimisha tayari, tofauti ikiwa kwamba hakufikiri.

Kwa hiyo ninalichukua pingamizi la Kant na kulifanya kipimo. Mtu wake wa leso alikuwa na kosa mahususi: aliitoa mfukoni ili wote wageuke. Manukato yanayofika kabla ya mwenyewe na kubaki chumbani baada ya yeye kuondoka yamevuka haki ya jirani kwa njia ileile ambayo kikwapa huivuka. Hapa mazoea ya zamani yana akili kuliko ya sasa. Mafuta yasiyo na spiriti hukaa karibu na ngozi na kupanda polepole. Anayeyasikia ni yule aliyekusogelea, kwa mkono au kwa bega. Pafyumu ya kupuliza imechanganywa na spiriti ili irushe harufu mbali haraka, na kwa joto la Dar es Salaam, ambapo kila kitu huvukizwa upesi, mapulizo yanayofaa baridi ya Paris huwa ni uvamizi. Ndani ya basi lile lile yumo mwenye pumu, yumo mjamzito ambaye harufu kali humchafua moyo, na wakati wa Ramadhani yumo aliyefunga tangu alfajiri. Mtume aliyehimiza manukato ndiye huyohuyo aliyemkataza mla kitunguu saumu kibichi asiusogelee msikiti, na kitunguu saumu ni halali. Kilichokatazwa ni kumwudhi aliye karibu. Sioni sababu ya kanuni hiyo kuishia kwenye kitunguu na isiifikie chupa ya bei mbaya. Matangazo yanayomwahidi kijana kwamba akipuliza mwili mzima wanawake watamfuata yanamfundisha kinyume kabisa: kwamba pua ya mwingine ni windo. Kijana aliyelelewa hivyo hawezi kujua amezidisha, kwa kuwa kipimo chake ni kuonekana.

Huenda mtu akaniuliza: ikiwa manukato ni haki ya jirani, kwa nini basi hujaji akiwa katika ihramu, hali ya kujizuia wakati wa hija, hukatazwa kujipaka, naye yuko katika msongamano kuliko wote duniani? Swali ni zuri. Nionavyo mimi, ihramu haikatazi usafi; kuoga kunaruhusiwa, na Aisha, mke wa Mtume, amesimulia kwamba alimpaka Mtume manukato kabla hajaingia katika ihramu na baada ya kutoka. Kinachosimamishwa kwa siku hizo chache ni maisha ya kawaida ya mtu, ndoa yake, uwindaji wake, nguo zilizoshonwa, pamoja na mazoea yake ya kutoa na kupokea. Kitu ambacho lazima kisimamishwe ili mtu ahesabiwe kuwa ameyaacha maisha ya kawaida ni wazi kwamba ni sehemu halisi ya maisha hayo. Hujaji akivua ihramu anarudi kwa watu, na manukato yanarudi naye.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu wasiouza wala kununua pafyumu. Tukikubali kwamba mtu ana wajibu wa kutomwudhi jirani kwa harufu, tumemtwisha wajibu huo pia mbeba mizigo wa Kariakoo, ambaye tangu alfajiri anapandisha magunia, na ambaye akitaka kuoga kabla ya kupanda gari inambidi atafute bafu la kulipia na kutoa sehemu ya ujira wa siku. Si haki kumtazama kwa jicho la kero ndani ya basi mtu ambaye soko lenyewe limemnyima bomba la maji. Ibn Abbas hakuishia kwenye amri ya kuoga na kujipaka. Aliendelea kueleza kwamba baadaye Mwenyezi Mungu aliwaletea watu nafuu, wakavaa nguo nyingine badala ya sufu, wakapunguziwa kazi nzito, msikiti wao ukapanuliwa, na sehemu ya ile kero ikaondoka. Manukato yalikuwa sehemu tu ya dawa. Sehemu nyingine ilikuwa nafasi, nguo na ahueni ya kazi. Halmashauri inayojenga au kukarabati soko, na wafanyabiashara wanaochanga kwa ajili ya ulinzi na usafi, wana deni katika jambo hili sawa na mwanamume yeyote anayesimama asubuhi na kichupa mkononi. Mabafu yenye maji ya uhakika, kwa bei ambayo mchukuzi anaweza kuilipa bila kukosa nauli, yanapaswa kuwemo katika ramani ya soko tangu siku ya kwanza, pamoja na vizimba na njia za magari.